Mizani ya mtandaoni: Jinsi majibu ya utafutaji yanavyopewa uzito na kupangwa

Na MWANDISHI WETU

MKULIMA wa Kitale anayetaka kujua bei ya gunia la mahindi kabla ya kupokea fedha za dalali huchukua simu yake, akaandika maneno matatu kwenye kisanduku cha utafutaji, akangoja. Kufumba na kufumbua, orodha ndefu ya kurasa inajitokeza. Atafungua ukurasa wa kwanza, pengine wa pili, kisha ataamua kuuza au kutouza. Maelfu ya kurasa nyingine zilizo chini ya hizo ni kana kwamba hazikuandikwa.

Swali ambalo wachache hujiuliza ni hili: ni nani aliyeamua kuwa ukurasa ule wa kwanza uwe wa kwanza?

Orodha hiyo haikujipanga yenyewe. Kila ukurasa ulipimwa na kupewa alama, alama hizo zikaongezwa au kupunguzwa kwa kanuni zilizowekwa na binadamu, na hatimaye kurasa zikapangwa. Anayeziweka kanuni hizo ndiye anayeshika mizani. Makala haya yanaeleza jinsi mizani hiyo inavyofanya kazi, tofauti iliyopo baina ya kuongeza uzito na kupanga, na kwa nini jambo hili linamhusu hata mtu asiyejua kuandika programu ya tarakilishi.

Uzito wa suala hili ulidhihirika Juni 2017, Tume ya Umoja wa Ulaya ilipotoa uamuzi wake kuhusu kampuni ya Google. Tume ilieleza kuwa majibu kumi ya ukurasa wa kwanza, kwa wanaotumia tarakilishi, hupata takriban asilimia 95 ya mibofyo yote kwenye majibu ya kawaida. Jibu la kwanza kabisa hupata karibu asilimia 35. Jibu linaloongoza ukurasa wa pili huambulia asilimia moja tu. Kwa hivyo kusukumwa kutoka nafasi ya kumi hadi ya kumi na moja ni sawa na mfanyabiashara kuhamishwa kutoka barabara kuu hadi kichochoroni.

ISTILAHI TANO ZA KUFAHAMU

Faharasa ni orodha ya maneno yote ambayo mtambo wa utafutaji umeyakusanya, pamoja na kurasa ambamo kila neno limo.

Alama ni namba ambayo mtambo huupa kila ukurasa kuonyesha jinsi unavyokaribiana na swali lililoulizwa.

Kuongeza uzito ni kuzidisha au kujumlishia alama hizo kwa sababu fulani, mathalan kwa kuwa neno linalotafutwa limo kwenye kichwa cha habari au kwa kuwa habari yenyewe ni mpya.

Kupanga ni kuziweka kurasa katika safu kwa kufuata kigezo kimoja kilicho wazi, kama vile tarehe, bei, umbali au alfabeti.

API ni mlango ambao programu moja huutumia kuomba huduma kwa programu nyingine bila binadamu kuandika chochote kwenye kisanduku. Tovuti ya gazeti, ya chuo kikuu au ya duka inaweza kutuma swali kupitia mlango huo na kupokea majibu pamoja na maelezo yake, kisha kuyaonyesha kwa sura yake yenyewe.

ALAMA HUTOKA WAPI?

Mtambo wa utafutaji hausomi mtandao mzima kila unapoulizwa jambo. Huwa umekwisha kuzitembelea kurasa mapema na kuandaa faharasa, mfano wa ile inayopatikana mwishoni mwa kitabu cha kiada. Mtu akiandika "bei ya mahindi", mtambo huangalia orodha za maneno hayo na kuzikusanya kurasa zinazohusika. Kazi ngumu huanzia hapo, maana kurasa hizo zaweza kuwa milioni kadhaa.

Kanuni ya kwanza ya kutoa alama ni nyepesi: neno linalorudiwa mara nyingi katika ukurasa huashiria kuwa ukurasa huo unalizungumzia. Kanuni ya pili ilielezwa mwaka wa 1972 na Karen Spärck Jones, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi mjini Cambridge. Alionyesha kuwa neno adimu lina thamani kubwa kuliko neno lililozagaa. Katika swali letu, "ya" imo karibu katika kila ukurasa wa Kiswahili, kwa hivyo haisaidii kutofautisha chochote. "Mahindi" halipatikani kila mahali, basi hilo ndilo hubeba uzito.

Kanuni ya tatu inahusu urefu. Kitabu cha kurasa mia tano kitalitaja neno "mahindi" mara nyingi kuliko habari fupi ya gazeti, ilhali habari hiyo fupi huenda ndiyo inayolenga shabaha. Stephen Robertson na wenzake jijini London waliziunganisha kanuni hizi katika miaka ya 1990 na kupata hesabu iitwayo BM25. Hesabu hiyo ingali inatumika. Lucene, programu huria ambayo Doug Cutting alianza kuiandika, iliifanya BM25 kuwa hesabu yake ya kawaida mwaka wa 2016. Juu ya Lucene kumejengwa programu nyingine mbili maarufu, Solr na Elasticsearch, ambazo huendesha utafutaji katika tovuti nyingi ulimwenguni.

Mwaka wa 1998, Sergey Brin na Larry Page, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, waliongeza kigezo kingine. Walidai kuwa ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingi, hasa kurasa ambazo zenyewe zinaheshimika, unastahili kupandishwa. Kwa jinsi hii ukurasa ulipata alama kutokana na ushahidi wa wengine, si maneno yake pekee. Kigezo hicho, PageRank, ndicho kilichoipa Google umaarufu wake wa mwanzo.

KUONGEZA UZITO

Alama za msingi zikishapatikana, mwenye tovuti anaweza kuziingilia. Njia za kufanya hivyo ni kadhaa.

Ya kwanza ni uzito wa sehemu. Neno likipatikana katika kichwa cha habari lina maana kubwa kuliko likipatikana katika aya ya mwisho. Katika Lucene na Solr, fundi huandika jina la sehemu, akafuatisha alama ndogo yenye umbo la paa la nyumba, kisha namba. "Kichwa^3" humaanisha kuwa alama zitokazo kwenye kichwa zizidishwe mara tatu. Uzito wa kawaida ni 1. Namba iliyo kati ya sifuri na moja hupunguza badala ya kuongeza.

Ya pili ni uzito wa wakati. Habari ya jana huongezewa, ya mwaka jana hupunguziwa, na ya miaka kumi iliyopita hupunguziwa zaidi. Alama hushuka polepole kadiri siku zinavyopita.

Ya tatu ni uzito wa chanzo. Mwenye mtambo anaweza kuamua kuwa kurasa za taasisi fulani zipande na za nyingine zishuke.

Ya nne ni kubandika. Hapa alama huwekwa kando kabisa, na ukurasa uliochaguliwa na mhariri hukaa juu kila swali fulani linapoulizwa. Hospitali yaweza kubandika ukurasa wa nambari za dharura ili yeyote anayeandika "dharura" auone kwanza.

KUPANGA

Kupanga ni jambo jingine. Mtu anayetafuta nauli ya ndege huenda asijali ni ukurasa upi unaozungumzia ndege kwa ufasaha zaidi. Anataka nauli ya chini iwe juu. Hapo bei hutawala na alama husahaulika. Elasticsearch, ikiagizwa kupanga kwa tarehe, haijishughulishi hata kuhesabu alama isipokuwa iamriwe kufanya hivyo.

Faida ya kupanga ni uwazi. Msomaji akiambiwa kuwa orodha imefuata tarehe, anaweza kuihakiki mwenyewe. Uzito, kwa upande mwingine, haumwonyeshi msomaji sababu za matokeo yake. Hasara ya kupanga ni kuwa kigezo kimoja hakijui maana. Ukurasa uliolitaja neno mara moja tu, tena kwa kupitia, utatangulia mradi umechapishwa leo.

MFANO WA KURASA TATU

Tuseme ghala la gazeti lina habari tatu, na namba zifuatazo ni za kufafanulia tu. Habari ya kwanza ni ya mwaka wa 2011, kichwa chake ni "Bei ya mahindi yapanda", na alama zake ni 9. Ya pili ilichapishwa mwezi uliopita, inahusu wakulima wanaolalamikia bei, na alama zake ni 6. Ya tatu ni ya jana, inahusu mvua, na mahindi yametajwa mara moja mwishoni. Alama zake ni 1.5.

Tukifuata alama peke yake, habari ya 2011 itaongoza. Mkulima wa Kitale atasoma bei iliyokwisha kupitwa na wakati na kujadiliana na dalali kwa namba za kale. Tukipanga kwa tarehe, habari ya mvua itaongoza, na mkulima hatapata bei yoyote.

Sasa tuongeze uzito wa wakati. Habari ya 2011 izidishwe kwa 0.5, ya mwezi uliopita kwa 1.4, na ya jana kwa 1.5. Ya kwanza itapata 4.5, ya pili 8.4 na ya tatu 2.25. Habari ya mwezi uliopita, ambayo ndiyo inayomfaa mkulima, imeshika usukani.

Lakini fundi akizidisha chumvi na kuipa habari ya jana uzito wa 8, itapata alama 12 na kuzipiku zote. Amerejea pale pale pa kupanga kwa tarehe bila kujua. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kuwa uzito uongezwe kidogo kidogo, na kila badiliko lijaribiwe kwa maswali halisi ya wasomaji, si kwa swali moja lililomkera mkubwa wa ofisi.

MTEGO WA MAFUNGU

Wanaotumia mlango wa utafutaji wa kampuni nyingine hukabiliwa na mtego ambao umewanasa wengi. Milango hii haitoi majibu yote kwa mpigo. Hutoa mafungu, mathalan kumi kumi au ishirini ishirini. Fundi asiye makini huomba fungu la kwanza, akalipanga kwa tarehe katika tovuti yake, kisha akatangaza kuwa anaonyesha habari mpya kuliko zote. Alichofanya ni kuzipanga upya zile kumi zilizochaguliwa na mtu mwingine kwa vigezo vingine. Habari mpya kabisa yaweza kuwa katika nafasi ya hamsini, na haikuingia kamwe katika fungu lake.

Dawa ni kuomba upangaji ufanyike upande wa mwenye faharasa, kabla ya mafungu kukatwa, iwapo mlango unaruhusu. Usiporuhusu, ni uungwana kumweleza msomaji kwamba kilichopangwa ni sehemu tu ya majibu.

MILANGO INAYOFUNGWA

Historia inaonyesha kuwa milango hii si ya kutegemewa milele. Google ilifungua mlango wake wa kwanza wa aina hii mwaka wa 2002, ukiwa na kikomo cha maswali 1,000 kwa siku. Iliufunga mwaka wa 2009. Yahoo ilifungua huduma iliyoitwa BOSS mwaka wa 2008, ikawaruhusu mafundi kuyapanga upya majibu, kuyachanganya na yao na kuyaonyesha watakavyo. Ukarimu huo uliwavutia wengi, lakini huduma ilianza kutozwa ada na hatimaye ikafungwa Machi 2016. Agosti 2025, Microsoft nayo iliifunga milango ya utafutaji wa Bing iliyokuwa ikitumiwa na watengenezaji wa programu.

Kwa upande mwingine, kampuni ya Brave, yenye faharasa yake, ilitoa mwaka wa 2022 huduma iitwayo Goggles, ambayo humwachia mtumiaji mwenyewe kuandika kanuni. Anaweza kuagiza tovuti fulani zipandishwe, nyingine zishushwe, na nyingine ziondolewe kabisa. Kanuni hizo huandikwa waziwazi, na mtu mwingine anaweza kuzisoma na kuzikosoa. Huduma hiyo haikuondoa upendeleo, ila iliuweka hadharani.

NANI ASHIKE MIZANI?

Suala la mizani ni la tangu zamani. Mwaka wa 1998, kampuni ya Marekani iliyoitwa GoTo.com ilianza kuuza nafasi za juu: aliyelipa zaidi kwa kila mbofyo ndiye aliyetangulia. Mwaka uo huo Brin na Page waliandika katika makala yao ya kitaalamu kwamba mtambo unaotegemea matangazo utaelekea kuwapendelea watangazaji na kuyapa kisogo mahitaji ya wasomaji. Miaka miwili baadaye kampuni yao wenyewe ilianza kuuza matangazo yaliyoambatana na maswali ya watumiaji. Mwaka wa 2002, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliziandikia kampuni za utafutaji kuzitaka zitenganishe bayana majibu yaliyolipiwa na yale ya kawaida.

Kesi iliyotikisa zaidi ni ile ya Ulaya. Tume ilisema kuwa Google iliiweka huduma yake ya kulinganisha bei mahali pa juu, huku huduma za wapinzani zikishushwa na kanuni za mtambo. Hata mpinzani aliyefanya vyema kuliko wote, kwa wastani, alionekana katika ukurasa wa nne. Faini ilikuwa Euro bilioni 2.42. Google ilikata rufaa na kushindwa mwaka wa 2021, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaitupilia mbali rufaa yake ya mwisho.

Ikumbukwe kuwa kosa halikuwa kuongeza uzito. Kila mtambo huongeza uzito, na usipofanya hivyo haufai. Kosa lilikuwa kutumia kipimo kimoja kwa bidhaa yako na kingine kwa za wenzako, ilhali mnunuzi anaamini kuwa mizani ni moja.

KISWAHILI KWENYE MIZANI

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kulifuatilia jambo hili. Katika lugha yetu neno hubadilika mwanzoni, katikati na mwishoni. Mtu akitafuta "kuvuna", habari iliyojaa "walivuna", "tumevuna", "mavuno" na "wavunaji" huenda isionekane, kwa kuwa mtambo usiofundishwa sarufi ya Kiswahili huyaona hayo kuwa maneno yasiyohusiana. Vivyo hivyo "kitabu" na "vitabu", "shamba" na "mashamba". Kisha kuna maneno kama "paa", ambalo laweza kuwa sehemu ya nyumba, mnyama wa porini au kitendo cha kwenda juu.

Suluhisho mojawapo ni kuliweka kila neno katika faharasa mara mbili: kama lilivyoandikwa, na katika mzizi wake. Umbo kamili hupewa uzito mkubwa, na mzizi hupewa uzito mdogo. Aliyeandika "mavuno" ataona kwanza kurasa zenye "mavuno", kisha zenye "walivuna", badala ya kukosa hizo za pili kabisa. Kazi hiyo yahitaji mtu anayeijua lugha, si fundi wa tarakilishi pekee.

USHAURI KWA MSOMAJI

Kwanza, tazama tarehe ya ukurasa kabla ya kuuamini, hasa unapotafuta bei, sheria au matibabu. Pili, angalia iwapo jibu la juu lina maandishi ya kuonyesha kuwa limelipiwa. Tatu, ukipewa fursa ya kupanga kwa tarehe au bei, itumie, kisha ulinganishe na orodha ya awali. Tofauti utakayoiona ndiyo kazi ya uzito. Nne, jaribu maumbo mengine ya neno lako.

Kwa wenye tovuti, andikeni kanuni zenu mahali ambapo wenzenu ofisini wanaweza kuzisoma, zijaribuni kwa maswali ya wasomaji, na msijenge nyumba yenu yote juu ya mlango ambao mwenyewe anaweza kuufunga.

Mambo haya yamezidi kuwa nyeti sasa. Programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa aya moja aghalabu hutuma swali kupitia milango iyo hiyo, zikachukua kurasa chache za juu na kuzifupisha. Mkulima wa Kitale huenda asiione tena orodha yenyewe. Ataona jibu moja tu, na mizani iliyolipima itakuwa mbali zaidi na macho yake.